Uzi kwa mnaoanza kupiga picha: kamera haijui inamwangalia nani, wewe ndo unajua

Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi nimeahidi watu wengi inbox kwamba nitauandika, leo nimekaa naombeni uvumilivu maana utakuwa mrefu.

Naanza na kilichonikuta. Mwaka ambao mdogo wangu wa kike anaolewa nilikuwa na kamera yangu ya kwanza, Canon 1300D ya mtumba na ile lenzi inayokuja nayo ya 18-55, nimeinunua kwa mtu kwa laki nne na nusu. Akdi ilikuwa sebuleni kwa shangazi Mbagala. Wamefunga mapazia meupe ya satini ukuta mzima, bi harusi ana shela jeupe, dirisha liko nyuma yake, mimi nipo mbele nafyatua tu kwenye oto. Nilipiga picha zaidi ya mia tatu. Jioni tumekaa na mama tunaangalia kwenye laptop, mapazia yametoka vizuri, shela limetoka vizuri, sura ya mdogo wangu nyeusi tii huoni jicho wala wanja aliopakwa kwa saa mbili. Mama akasema taratibu tu, "mbona mwanangu simuoni uso". Ile siku haijirudii tena wakuu na mpaka leo nikiziona zile picha roho inaniuma.

Nilichofanya baada ya hapo ndo kosa ambalo naona wengi humu wanafanya, nikaamini tatizo ni kamera, nikaanza kutafuta hela ya kamera kubwa. Tatizo halikuwa kamera. Tatizo ni kwamba nilidhani kamera inajua kwamba yule ni bi harusi. Kamera haijui. Ndani yake kuna mita inayopima mwanga, na ile mita imefundishwa kitu kimoja tu, kwamba dunia ukiichanganya yote kwa wastani ni kijivu, kile kijivu wanachokitaja kwa 18% ya mwanga unaorudi. Ukiielekeza kwenye kitu cheupe kingi inasema "hapa mwanga umezidi" inapunguza mpaka cheupe kiwe kijivu. Ukiielekeza kwenye kitu cheusi kingi inasema "hapa giza" inaongeza mpaka cheusi kiwe kijivu. Basi. Siku ile iliona mapazia, shela na dirisha ikapunguza mwanga wa picha nzima na uso wa mdogo wangu ukazama nao.

Kabla hujasoma kitu kingine chochote fanya hili jaribio leo leo. Chukua shuka jeupe na buibui jeusi, vianike kwenye kamba kivulini. Weka kamera kwenye modi ya Av kama ni Canon au A kama ni Nikon (wewe unachagua upana wa tundu la lenzi, mwanga mwingine kamera inapanga yenyewe), piga shuka lijae fremu nzima, halafu piga buibui lijae fremu nzima. Angalia. Utakuta shuka limekuwa kijivu na buibui limekuwa kijivu, vinakaribia kufanana. Mimi nilivyoona hivyo nilikaa chini kabisa. Sasa tafuta kitufe chenye alama ya +/-, rudia shuka ukiwa umeongeza +1, rudia buibui ukiwa umepunguza -1. Utaona kila kitu kinarudi kwenye rangi yake.

Kwa hiyo kanuni ni kinyume na akili inavyotutuma: cheupe kikijaa ongeza, cheusi kikijaa punguza. Bi harusi mbele ya mapazia meupe ongeza. Wazee kumi wenye kanzu nyeupe nje ya msikiti ongeza. Mtu ufukweni na mchanga mweupe wa Kigamboni ongeza. Uso wa mtu mweusi umeujaza fremu nzima karibu kabisa, hapo watu wanakosea wanaongeza kwa sababu wameambiwa ngozi nyeusi inataka mwanga, kumbe mita tayari imeshaongeza, ukiongeza tena ngozi inapauka kama ina majivu na paji la uso linaungua, yaani linabaki weupe mtupu. Hapo unapunguza kidogo, theluthi moja au mbili ya hatua inatosha (ile +1 ni hatua moja).

---

Mdau wa Tanga

Mkuu nimesoma mara mbili. Lakini mi nilisikia kamera zilitengenezwa kwa ajili ya wazungu ndo maana sisi tunatoka vibaya, we unasemaje hapo?

---

Mleta uzi

Mkuu wa Tanga swali zuri na lina ukweli ndani yake ila yanachanganywa mambo mawili. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi, kadi ile ina picha ya mwanamke mzungu na zikaitwa kadi za Shirley, fundi anarekebisha mashine mpaka ngozi ya yule mama itoke vizuri, ngozi nyingine shauri yake. Hiyo ni historia ya kweli na iliwaumiza watu wetu.

Ila hii mita ninayoisema ni kitu kingine, haibagui, mbuzi mweusi inamfanya kijivu na ukuta mweupe inaufanya kijivu vilevile. Ukijua hivyo unaacha kuilaumu unaanza kuiambia. Sensa za sasa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, hata za hii 1300D yangu ambayo ni ya 2016 zinatoa ngozi nyeusi vizuri mno, mwenye kazi ni aliyeshika kamera.

Tuendelee. Najua mnasubiri zile namba tatu za kupanga mwanga: apacha, shata na ISO. Wengi wanazikariri kama jedwali la kuzidisha halafu wakifika shughulini zinapotea, mi naomba mzione kama ndoo ya maji. Picha inataka ndoo ijae, isipungue isimwagike. Apacha, lile tundu la lenzi, ni upana wa bomba, shata, pazia linalofunguka mwanga uingie, ni muda uliofungua bomba, na ISO, kamera kukuza mwanga ulioingia, ni kama kuzidisha kwa uongo maji ambayo hayakutosha, ndo maana ukiizidisha sana picha inakuwa na chenga.

Apacha namba zake zinachanganya kwa sababu namba ndogo ndo tundu kubwa. Zinakwenda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ukipanda hatua moja mwanga unakatika nusu. Shata nayo kutoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/250 umekata nusu. ISO kutoka 400 kwenda 800 umeongeza mara mbili. Ukishaona kwamba zote tatu zinahesabika kwa nusu na mara mbili inakuwa rahisi, ukitoa hapa unaongeza pale.

Sasa unachagua ipi? Jiulize kwanza kuna kitu kinatembea? Mtu amekaa kwenye kiti 1/125 inatosha. Watoto wanacheza 1/250 usishuke. Mechi ya mchangani anza 1/1000. Na mikono yako nayo inatikisika, kwa hiyo kwa lenzi ya 50mm kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo usiende chini ya 1/80 ukiwa umeshika mkononi. Nikiwa na haraka nafanya hivi: Av, apacha nayotaka, ISO oto, jicho liko kwenye shata isishuke, kidole kiko kwenye +/-. M, ile modi ya kupanga zote tatu mwenyewe, nimeitumia baadaye sana na hakuna aibu yoyote kutoitumia, watu wasiwatishe.

---

Mama Keki, Arusha

Kaka samahani mi sina kamera nina simu tu, napiga keki zangu naweka status. Keki nyeupe zinatoka kama zege, wateja wananiuliza kama cream imeharibika. Hii ya kuongeza inafanya kazi kwenye simu?

---

Mleta uzi

Dada yangu inafanya kazi, tena keki yako nyeupe ndo lile shuka langu la kwenye kamba. Fungua kamera ya simu, kwanza futa kioo cha nyuma kwa kitambaa laini maana jikoni kina mafuta, picha nyingi zenye ukungu za simu ni mafuta ya vidole. Gusa keki kwenye skrini, kwenye simu nyingi ukibonyeza na kushikilia fokasi na mwanga vinajifunga, halafu kinatokea kijua kidogo pembeni, kivute juu taratibu mpaka cream iwe nyeupe. Usizumu kwa vidole, sogea wewe.

Na zima taa ya jikoni dada. Sogeza meza karibu na dirisha, keki ipate mwanga wa ubavuni, upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kidogo. Taa ya jikoni ikiwaka huku mwanga wa dirisha unaingia unapata rangi mbili, upande mmoja njano mwingine bluu, hakuna programu itakayokuokoa hapo kirahisi.

---

Fundi Picha Msa

Salamu kutoka Mombasa. Mleta uzi umeeleza vizuri sana, mimi hupiga harusi huku na nataka niongeze mambo mawili ambayo wageni wa kazi hii huumia nayo.

La kwanza ni rangi ya turubai. Ukiwa chini ya turubai la bluu mchana watu wote wanakuwa bluu, chini ya jekundu wanakuwa wekundu, na hata chini ya mwembe ngozi inaingia kijani kwa sababu ya majani. Oto haitamaliza hiyo. Watoe maharusi nje kidogo, ukingoni pa turubai, wageukie nje kwenye mwanga ulio wazi lakini jua lisiwapige. Hapo ukingoni ndipo nimepigia picha nzuri zaidi za maisha yangu.

La pili ni unyevu. Ukitoka kwenye ukumbi wenye AC kali ukaingia nje kwenye joto la pwani lenzi inafanya ukungu papo hapo, ukiifuta inarudi. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa robo saa au zaidi izoee joto polepole. Na ukifika nyumbani usiiache ndani ya lile begi lenye jasho miezi miwili, fangasi wataota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na kuisafisha ni kuifungua yote. Mimi nina ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, nimetia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kamera hulala humo.

---

Mleta uzi

Fundi umenimalizia kabisa. La fangasi naomba mnaonunua vya mtumba mlishike: kabla hujatoa hela fungua apacha yote, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi angalia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi usichukue hata ikiwa bei ya bure. Jingine, Nikon nyingi ukipiga picha moja ukaipakia kwenye tovuti za kusoma taarifa za picha inakuonyesha shata imefyatua mara ngapi, Canon nyingi hazionyeshi, kwa hiyo anayekuambia "hii imepiga elfu tano tu" usimeze tu. Na wale wa Nikon D3200, D3300 na ndugu zake, lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D hazitafanya fokasi yenyewe kwenye kamera hizo maana kamera zenyewe hazina mota ya fokasi ndani, tafuta zilizoandikwa AF-S. Jamaa yangu aliuziwa ya zamani akadhani imekufa.

Nimeulizwa inbox lenzi gani ya kuanzia. 50mm f/1.8 wakuu, yaani isiyozumu na apacha yake inafunguka mpaka 1.8, ya kampuni ya kamera yako, sina jibu lingine. Ile ya 18-55 ukizumu mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya 5.6. Kutoka 5.6 mpaka 1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Maana yake ukumbi uleule uliokulazimisha ISO 6400 yenye chenga sasa unapiga na ISO 640 hivi. Ndo maana nasema kuliko kubadilisha kamera badilisha lenzi. Ila kwa f/1.8 fokasi inakuwa nyembamba kama wembe, shika jicho la karibu, na ukiwa na watu wawili mmoja yuko nyuma panda mpaka 4 vinginevyo mmoja atakuwa ameblaa.

---

Mdau wa Tanga

Na muda wa kupiga je? Mi naangalia YouTube wanasema subiri "golden hour", ule mwanga wa dhahabu jua likikaribia kuzama, nikitoka naona jua limeshazama kabla sijapanga watu.

---

Mleta uzi

Hapo nilihangaika mwaka mzima mkuu. Wengi wanaofundisha wako Ulaya na Marekani kaskazini ambako jua linazama kwa kujivuta pembeni pembeni. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima kama jiwe, ule mwanga wa dhahabu unaupata dakika 20 mpaka 30 na jua likishazama una dakika 20 na kidogo giza limeingia. Kwa hiyo saa 11 jioni watu wawe wameshavaa na wamesimama, sio ndo wanaanza kutafuta viatu. Asubuhi ni vilevile, ila asubuhi Dar kuna upepo mtulivu na watu wachache, mi naipenda zaidi.

Saa 6 mchana ndo balaa, hasa kuanzia Oktoba mpaka Machi jua liko karibu utosini kabisa, macho yanageuka mashimo meusi na kivuli cha pua kinaangukia mdomoni. Ukilazimishwa kupiga saa hiyo ingiza watu kwenye baraza, mlangoni, chini ya paa la duka, popote ambapo juu pamefunikwa na mbele pako wazi. Saruji na mchanga wa mbele unarudisha mwanga usoni kutoka chini na macho yanawaka. Wazee wetu wa studio walijua haya bila YouTube.

---

Mdau wa Unguja

Hapo kwa wazee wa studio naunga mkono. Atakayefika Mji Mkongwe aingie Capital Art Studio, ilianzishwa 1930 na mzee Ranchhod Oza, picha za zamani za nyeusi na nyeupe zimejaa ukutani. Simama mbele ya picha moja ya uso ujiulize mwanga umetoka wapi, angalia kivuli cha pua kinaelekea wapi, utajua taa au dirisha lilikuwa upande gani. Mie nilijifunza mengi kwa kusimama pale tu.

---

Mleta uzi

Shukrani sana kaka wa Unguja, hilo zoezi la kivuli cha pua ni la dhahabu, lifanyeni hata kwenye kalenda za ukutani. Na kuna Mohamed Amin, amezaliwa Nairobi 1943 akakulia Dar, kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie. Hicho ni kiboksi, hakina ISO ya kubadili wala apacha za kuchagua kama hizi zetu, kikubwa unachoweza kubadilisha ni umesimama wapi na jua liko wapi. Mtu huyohuyo picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliiamsha dunia nzima. Mi nikiona mtoto analia hana kamera kubwa namkumbuka yeye.

Mambo ya haraka haraka niliyoulizwa. RAW (faili ghafi la picha kabla kamera haijaliminya) au JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha minywa): kama una laptop piga RAW, maana JPEG inabeba ngazi 256 tu kwa kila rangi na RAW ya biti 14 inabeba ngazi 16,384, kwa hiyo uso uliozama gizani kwenye RAW unaweza kuuinua, ulioungua kabisa hauinuki kwenye chochote. Mistari mistari kwenye picha za ukumbini ni taa, umeme wetu ni 50Hz, weka shata 1/100 au 1/50 itapungua sana. Ukifuta picha kimakosa toa memori kadi palepale usipige hata moja zaidi, kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, imeniokoa. Na mteja akitaka picha kwa WhatsApp mtumie kama dokumenti, ukituma kawaida inaminywa halafu analaumu kamera yako. Flashi ya juu ya kamera ipumzisheni, inamulika jasho uso unang'aa kama umepakwa mafuta, ukipata flashi ya kuzungusha ielekeze kwenye dari jeupe. Na muombe mtu ruhusa kabla hujampiga, hata sokoni, hata mtoto muulize mama yake kwanza, na kambi za jeshi na palipoandikwa usipige usijaribu.

---

Mama Keki, Arusha

Kaka nimerudi. Nimefanya dirishani na manila, kijua nimekivuta juu, keki imekuwa nyeupeee mpaka mume wangu kaniuliza nimebadilisha simu. Ila yale maua niliyochora kwa cream juu yake yamepotea, hayaonekani tena, ni weupe mtupu.

---

Mleta uzi

Hongera sana dada! Sasa umevuka kidogo tu, sehemu ya juu imeungua ndo maana maua yamepotea. Rudisha kijua chini nusu ya pale ulipokuwa umekivuta. Halafu geuza meza kidogo ili mwanga wa dirisha uingie kwa ubavu kabisa au kwa nyuma ya keki kidogo, na manila isogeze mbali kama hatua moja. Maua ya cream yanaonekana kwa sababu ya vivuli vyake vidogo vidogo, ukiyamulika kwa mbele vivuli vinakufa. Piga moja hivyo ulete hapa tuione, na ile ya kwanza iliyotoka kama zege usiifute, ziweke zote pamoja ili mdau wa Tanga aone.